Jina Letu Ego na Lile Somo la Hiari

Mwanangu Jeneroza,

Nakuandikia nikiwa ndani ya bani, humu tunamokaushia majani, nimekalia gunia tupu, mgongo nimeuegemeza kwenye ukuta ambao bado unanuka tumbaku ya msimu huu uliokwisha. Nimejificha. Nyumbani hakukaliki. Mama yako na akina mama wote wa kwaya wameteka ua mzima, wengine wanachambua mchele, wengine wanamenya ndizi, na kila nikikatiza mtu ananikabidhi kazi. Nimewaaga kwamba naenda kukagua paa la bani. Paa nimeshalikagua, liko palepale.

Naandika mchana huu kwa sababu usiku hautakuwa wetu. Kwaya wakishakula wataimba mpaka wachoke, na mimi ni besi, siwezi kukosekana. Kesho stesheni kutakuwa na watu wengi, na unanijua baba yako: mbele ya watu naongea kwa sauti kubwa mambo yasiyo na kichwa wala miguu, yale ya maana yananikwama kooni. Barua hii nitakupa jioni, kabla ngoma hazijatolewa. Isome yote, usiruke, maana mwishoni nina ombi na nataka unijibu kesho kabla treni haijaondoka.

Maagizo ya kila siku humu hamna. Mama yako ameshakupa ya kutosha: chandarua, hela ya bumu ikiingia, wanaume wenye magari, sabuni ya kufulia usiogee. Mimi sina la kuongeza, isipokuwa kwamba unga aliokufungia ni mwingi mno, na ukimgawia mtu njiani sitasema.

Tangu majina ya waliochaguliwa chuo kikuu yatoke nimekuwa mtu mkubwa hapa Litapunga. Juzi jirani yetu Mzee Bukuru alinikamata kisimani, ndoo mkononi. "Zakaria, kwani huyo binti anaenda kusomea nini hasa?" Nikamwambia, takwimu. "Takwimu ndo nini?" Nikamtazama kwa huruma. "Takwimu," nikasema, "ni takwimu." Akatikisa kichwa polepole, akasema, "Ego, ego." Tukaagana, kila mtu na heshima yake.

Hilo neno *ego* ndilo linalonifanya nishike kalamu. Wewe Kirundi chako ni cha kuokoteza, lakini hilo unalijua, ni ndiyo. Usichokijua ni jinsi tulivyolelewa nalo. Kwetu mtoto mwema ni mtoto anayeitikia. Mkubwa akisema, unainamisha kichwa, unasema ego. Si lazima uwe umekubali, wala si lazima uwe umeelewa. Ni kama kumpokea mtu mzigo mlangoni: unaupokea kwanza, kilichomo ndani utakijua baadaye. Mimi nimepokea mizigo mingi ya namna hiyo, na mmojawapo umeubeba wewe tangu darasa la kwanza.

Habari ya jina letu umeisikia kwa mama yako, ambaye kila mwaka anaiongeza chumvi. Sasa isikie kwa mwenyewe. Ilikuwa ile miaka ya kujiandikisha, wewe bado unabebwa mgongoni. Kila kaya ya sisi wakimbizi iliitwa ichague: kurudi Burundi kwa hiari, au kuomba uraia wa hapa. Mimi nimezaliwa hapahapa, Burundi naijua kwa masimulizi ya baba yangu tu, sikuwa na la kufikiria. Nikapanga foleni ya uraia. Karani alikuwa kijana mmoja mwenye haraka zake, jasho linamchuruzika, anaongea Kiswahili cha Dar.

"Jina?"

"Zakaria."

"La ukoo?"

Hapo ndipo penye kazi. Nilitaka kumweleza kwamba sisi hatuna jina la ukoo, kwamba kwetu baba ana jina lake na mtoto ana jina lake, kila mtu kapewa kwa sababu yake. Kabla sijapanga maneno, akasema kitu kirefu kwa kasi, sikukishika hata robo, akamalizia, "Sawa, mzee?"

"Ego," nikasema.

"Hilo ndilo?"

"Ego."

Akaandika.

Cheti kilipotoka kilikuwa kizuri, kina muhuri, na ndani yake kulikuwa na raia mpya wa Tanzania anayeitwa Zakaria Ego. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikwenda kurekebisha. Niliona haya kurudi kwa yule kijana na kusema kwamba swali lake sikulielewa. Basi watoto wangu wote mkaandikishwa shule kwa jina la Ndiyo.

Mzigo wa pili ni wa kaka yako Filberti. Yeye alitangulia kwenda chuo kikuu, wewe bado uko shule ya msingi. Tulimsindikiza kwa shangwe, na mwaka ulipoisha akarudi na begi lake, mvua inanyesha, mimi nimesimama kwenye mlango wa bani hii hii. Akaniamkia. Kisha akasema, "Baba, imeshindikana." Nilimtazama. Nilitaka kumuuliza imeshindikana vipi, nani kasema, nini hasa kilitokea. Nikasema ego. Mama yako akamtengea chakula, akala, na jambo lenyewe hatukuligusa tena. Leo ana pikipiki yake mjini Mpanda, ana mke, ana kitambi, ana maneno mengi kuliko redio. Lakini mimi lile begi lililolowa lilinikaa moyoni. Ulipoingia kidato cha sita, hofu yangu haikuwa kwamba hutachaguliwa. Kichwa chako nakijua. Nilihofia utarudi kama yeye, na mimi nitasimama hapa mlangoni nisijue kwa nini.

Sasa tuje kwenye hiari. Najua umeshaanza kucheka.

Mwaka huo wa kidato cha sita ulinipigia Ijumaa moja jioni kwa simu ya matroni. Mtandao wetu unaujua, mpaka nipande juu ya kichuguu. "Baba! Shikamoo baba! Nimejiandikisha hiari!"

"Umejiandikisha nini?"

"Hiari, baba! Tuko wengi. Ni ya kutuandaa na kuondoka. Tunaanza kesho, Mwalimu Tausi ndo..." Simu ikakata.

Mwanangu, wewe umekua neno hilo likiwa limeshapoa. Kwetu sisi hiari halikuwa neno la kwenye kamusi. Hiari lilikuwa lori. Lilikuja, likapakia watu na mabati yao na kuku wao, likaondoka kwenda Burundi. Ukimuulizia mtu unaambiwa, "Ameenda na hiari." Mdogo wangu Yohana, baba yako mdogo ambaye unamjua kwenye picha tu, alijiandikisha hiari. Alipanda na baiskeli yake, akaishikilia kama mtoto, na mimi nilikimbia nyuma ya lile lori mpaka vumbi likanishinda. Halafu miaka yote hiyo imepita, niko juu ya kichuguu, binti yangu ananiambia amejiandikisha hiari na wenzake na kesho wanaanza.

Nilimpigia Filberti. "Njoo na pikipiki alfajiri. Dada yako anapelekwa Burundi." Mama yako akaniambia, "Zakaria, hebu tulia, uliza kwanza." Nimuulize nani? Nilishaelewa kila kitu. Nilikitoa cheti cha uraia kwenye sanduku, kikiwa kwenye nailoni yake, nikakitia kifuani ndani ya koti, na tulipofika getini kwenu ndipo nilipogundua kwamba mguu mmoja una buti la shamba na mwingine una kiatu cha kanisani.

Mlinzi akaniuliza shida yangu. Nikamwambia shida yangu ni hiari. "Aa, wa hiari?" akasema bila wasiwasi. "Wako darasa lile la mwisho, wameshakusanyika." Mwanangu, nilikimbia. Wameshakusanyika! Hata mlinzi anajua!

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe, lakini uliyaona kutoka nyuma ya daftari ulilojifunika usoni, kwa hiyo nakupa na upande wangu. Nilifungua mlango bila kubisha. Niliona vijana mmekaa kwenye mistari na mwalimu mwanamke, mdogo wa umri, ushungi wa kijani, chaki mkononi. Nikainua cheti juu. "Huyu ni Mtanzania!" nikasema, kwa ile sauti ninayoitunzia Pasaka. "Sisi tulishachagua! Nyie mnampeleka wapi mtoto wangu?"

Yule mwalimu akasema, "Shikamoo, mzee."

Hata hasira ina adabu zake. Nikaitikia marahaba.

"Hatumpeleki popote," akasema. "Hiari ni somo."

"Somo la kurudi Burundi?"

Wale wenzenu wa kutoka vijiji vingine, Mamba na Kasansa, walikuwa wanatazamana tu, hawajui kinachoendelea. Wale wa kwetu walikuwa wameshalala juu ya madawati wanalia kwa kicheko. Mwalimu Tausi mwenyewe ni mtoto wa mjini, kwao wana duka la vitenge karibu na soko, naye hilo lori hakulijua. Ukasimama wewe ukamweleza. Alipoweka mkono mdomoni nilidhani anacheka, kumbe alikuwa anazuia kilio. Akanijia mpaka mlangoni. "Mzee wangu," akasema, "nisamehe, jina la somo nilichagua mimi. Halimo kwenye mtihani, halimo kwenye ratiba, anayetaka anakuja na asiyetaka haji. Nawaandaa hawa wa kidato cha sita ili wafike chuo, na wakifika wamalize."

Na wakifika wamalize. Nilisikia neno hilo kama mtu aliyeitwa kwa jina. Akasema, "Karibu ukae." Nikakaa dawati la nyuma, buti moja na kiatu kimoja.

Alianza kufundisha. Aliongea Kiingereza cha mbio, akachora mishale, akaandika, akafuta kabla hamjamaliza kunakili, akachora tena. Kisha akageuka. "Tumeelewa?"

Darasa zima: "Ndiyooo!"

Na mimi huko nyuma, kwa besi: "Ego!"

"Haya," akasema. "Mmeelewa nini?"

Nani aliongea? Hakuna. Mlitazama viatu vyenu. Akasema alichokuwa anasema hakikuwa kitu, alikuwa anaunganisha maneno tu, hata yeye mwenyewe hakielewi. Halafu akaninyooshea chaki. "Mzee wetu pale nyuma ameitikia kuliko wote. Mzee, umeelewa nini?"

Nilisimama. Mimi nimesimama mbele ya askofu nikaimba peke yangu. Nimesimama kwenye vikao vya ushirika nikagombana na watu wenye kalamu mfukoni. Lakini siku ile midomo ilikuwa mizito, kwa sababu maneno aliyokuwa ananidai sikuwahi kuyasema mbele ya mtu yeyote aliyesoma. Nikayasukuma. "Mwalimu, sijaelewa."

"Hata kidogo?"

"Hata hicho Kiingereza chenyewe sikijui."

Akapiga makofi. Nanyi mkapiga. Na wewe ukashusha lile daftari, ukanitazama, na sura uliyonitazama nayo nimeihifadhi. "Huyo," Mwalimu Tausi akawaambia, "chuo angemaliza."

Nilikaa kile kipindi chote. Alisema kule ukumbi ni mkubwa, mtu hatakuona kama umeelewa au umesinzia. Alisema mhadhiri ana ofisi, na mlangoni ameandika saa za kumwona, na saa hizo ni zako, siyo za watoto wa wakubwa. Aliwafanyisha zoezi la kubisha mlango. Mlango wa darasa! Mnatoka nje mmoja mmoja, mnabisha, mnaingia, mnasema, "Naitwa fulani, kuna mahali sijaelewa, naomba unieleze tena." Mvulana mmoja mrefu alibisha akashindwa kuingia, akarudi zake bwenini. Nilimwelewa sana yule kijana.

Halafu aliandika ubaoni neno *sapu*. Akasema, "Ukiliona hili mbele ya somo lako, usifungashe mizigo. Hujafukuzwa. Unaitwa ufanye tena ule mtihani ulioufeli. Unabaki, unasoma, unarudia."

Filberti alikuwa amesimama dirishani kwa nje, helmeti kwapani, ananisubiri. Nilimwona sura yake ikibadilika.

Tulipokuwa tunarudi hakuongea, na huyo ni mtu anayeongea hata akila. Tulipofika pale barabara inapoachana na reli akasimamisha pikipiki, akaizima.

"Baba, mi nilipata sapu."

"Ngapi?"

"Moja."

Nilishuka kwenye pikipiki.

"Moja tu, baba. Kila mtu pale alikuwa anasema, fulani ana sapu, fulani kapigwa sapu, na mi naitikia, nacheka nao. Niliona aibu kuuliza ndo nini. Nilivoliona kwenye jina langu nikajua wamenitoa. Nikafunga begi."

"Na mimi sikukuuliza."

"Hukuniuliza, baba."

Niliumia, mwanangu, sitaki kukudanganya. Niliumia mpaka nikashika usukani wa ile pikipiki kama ndiyo itakayonishikilia. Nilimwambia nimekosa. Yeye akanitazama chini, akaona buti na kiatu, akaanza kucheka. Alicheka huku machozi yanatoka, na mimi nikamfuata, tukasimama pale barabarani baba na mwana tunalia na kucheka, mpaka mama mmoja mwenye beseni la dagaa akatuuliza kama tumefiwa. Mwisho akajifuta, akawasha pikipiki. "Mi sirudi tena kule, baba," akasema. "Maisha yangu nayapenda. Ila Jene asifunge begi."

Ndiyo sababu kila Jumamosi baada ya hapo nilipata shughuli ya mjini. Mara misumari, mara dawa ya mbuzi. Mlinzi akawa ananiona mbali anafungua geti: "Mzee Hiari, karibu, wameshakusanyika." Jina hilo limefika mpaka huku, watoto wa Mzee Bukuru wananiita hivyo wakidhani sisikii. Silichukii. Nilipata moja kwa karani, hili nimelipata kwa jasho langu.

Na usidhani nilikuwa nakuja kwa ajili yako peke yako. Unakumbuka ule mwaka bwana shamba alipokuja kutueleza mbolea mpya ya kitalu? Aliongea, nikasema ego, akaondoka, nikaimwaga kama ninavyomwaga majivu, na miche yote ikaungua. Nilisema ni jua. Kijiji kizima nilikiambia ni jua. Msimu huu amekuja tena na nyingine. Akaeleza. Nikamwambia, "Sijaelewa, rudia." Akarudia. Nikamwambia, "Hapo kwenye maji umeniacha." Akachuchumaa, akachora chini kwa kijiti, tukakaa pale mpaka chai ikaletwa. Hakunidharau hata kidogo. Alipoondoka aliniambia mimi ndiye pekee aliyemuuliza swali tangu asubuhi, na hii bani msimu huu ilijaa mpaka juu. Kitu ulichojifunza Jumamosi darasani mimi nimekilia ugali, ujue hilo.

Huko uendako utakutana na watu wengi wanaotikisa vichwa. Watakaa mbele, watatikisa, wataandika haraka, na wewe utajiona ndiye mjinga pekee uliyetoka Katavi. Nakwambia kama mtaalamu wa kutikisa kichwa: nusu yao wanasema ego kwa lugha za kwao. Wewe bisha mlango. Wa kwanza utakuwa mzito. Nilikuona ulivyobisha ule wa darasa, ulibisha ukasubiri, ukaingia na kidevu juu, na mimi nikamgusa kijana aliyekaa mbele yangu nikamwambia, huyo ni wangu, kana kwamba hajui.

Na jambo likikushinda, nipigie. Nitapanda kichuguu. Safari hii sitasema ego halafu nikutengee chakula. Nitakuuliza imeshindikana vipi, mpaka uchoke na mimi.

Kuna kitu kimoja nilikifurahia kuliko hata majina yalipotoka, na sijawahi kukwambia. Ni siku Mwalimu Tausi alipotuita mimi na wewe pembeni kabla hujaomba chuo. Alisema jina letu kwa Kiingereza lina maana nyingine, maana ya mtu anayejiona, na kwamba chuoni huenda wakakutania. Nilishtuka. Yaani miaka yote hii, kwa wanaojua Kiingereza, mimi ni Zakaria Majivuno! Akasema jina linaweza kurekebishwa kwa kiapo, mapema, kabla ya vyeti vya chuo. Mimi nikaruka juu. Nikasema tumpe jina la babu yake, nitamtafuta wakili leo hii, twende.

Wewe ukasema, "Oya, baba."

Hapana. Na ukaisema kwa Kirundi. Tangu uzaliwe sijawahi kusikia mtoto wangu ananiambia oya usoni, na mimi baba yangu sikumwambia hata mara moja. Ukasema, "Nitabaki nalo. Wataniuliza maana yake nami nitawaeleza. Mtu akishaniuliza swali moja, na mimi nitaweza kumuuliza langu." Mwalimu alicheka. Mimi nilijifanya natazama baiskeli za wanafunzi. Jina ambalo mimi nilipachikwa kwa kuogopa kuuliza, wewe umelichukua kwa hiari yako, ukijua maana zake zote mbili.

Nimekuwa nikiliwaza sana neno hilo humu ndani ya bani. Babu yako, sogokuru, alitoka kwao akikimbia, na bibi yako mbele yake amebeba chungu. Hakuaga mtu. Alipokuwa mzee alikuwa hasemi sana habari ya nyumba wala ng'ombe aliowaacha. Alikuwa anasema, "Sikuaga." Yohana aliaga, lakini aliondoka na moyo umegawanyika, nusu kwenye lori na nusu huku. Filberti tulimuaga vizuri, tukampeleka gizani bila kumpa taa, kwa sababu na sisi hatukuwa nayo. Wewe ndiye wa kwanza katika nyumba hii kuondoka kwa kutaka, umeaga kila mlango, umejiandaa, unajua kilichoko mbele na unajua njia ya kurudi iko wazi. Mama yako anadhani wale akina mama wanachambua mchele kwa ajili ya sherehe ya chuo. Mimi nadhani wanasherehekea kuaga. Kuna wanawake pale uani ambao kwao hakuna aliyewahi kuagwa namna hii, na ndiyo maana hawataki hata kupumzika. Sikiliza, wameshaanza kuimba kabla ya wakati. Wananitafuta besi.

Nimefurahi, Jeneroza. Nimefurahi mpaka nimejificha kwenye bani.

Sasa lile ombi. Tangu barua ya chuo ije umenieleza mara tatu ni kitu gani unakwenda kusoma. Mara ya kwanza tukipalilia, mara ya pili tukila, mara ya tatu juzi, ukachora mpaka na duara ukaligawa vipande. Mara zote tatu ulinitazama ukaniuliza, "Umeelewa, baba?" Na mara zote tatu nilikujibu kwa jina letu. Kesho Mzee Bukuru anakuja stesheni, na ataniuliza tena.

Mwanangu, sijaelewa. Naomba unieleze tena.

Baba yako,
Zakaria Ego